Matukio ya kweli ya reli ambayo ukiyajenga kwenye reli ya mezani hakuna atakayeyaamini

#1 Mwana_Unyanyembe (Tabora)
Wakuu, habari zenu.

Ninadai kwamba yapo mambo ya kweli ya reli ambayo mtu akiyajenga kwenye modeli ataonekana mwongo au fundi asiyejua kazi. Kwa sasa ninajenga kipande cha Reli ya Kati kwa skeli ya 1:87 (yaani kila kipimo kimepunguzwa mara 87), kwa kutumia mbao, waya na bati la makopo, na nimechagua eneo la kati ya Kilosa na Gulwe ambako mto Mkondoa umekuwa ukila tuta mara kwa mara. Nilitaka kuonyesha hali iliyofuata mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaani tuta limekwenda na maji lakini reli zote mbili bado zimeshikana na mataruma yake ya chuma, yale yanayolala chini ya reli na kuzishikilia, na zinaning'inia hewani kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nimejenga hivyo hasa. Kila anayekuja kutazama ananiuliza ni lini nitamalizia kuweka udongo.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza, ni matukio gani mengine ya kweli mnayoyajua ambayo yangekataliwa namna hiyo? La pili, na ndilo linalonishughulisha zaidi, ni kwa nini jicho lipokee jambo likiwa na ukubwa wake na likatae jambo lilelile likiwa dogo?

#2 Mgebuka (Kigoma)
Jenga treni ya mizigo iliyobeba meli. Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli kuja huku Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1913. Mtu asiyejua historia ukimwambia kwamba hayo mabehewa yamebeba meli ya zaidi ya mita 70 atacheka na kuondoka.

#3 Karani_wa_Stesheni (Tabora)
Mgebuka, habari yako ni ya kweli isipokuwa mwaka. Mwaka 1913 ni wa kujengwa kule Papenburg. Reli yenyewe ilifika hapa Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo meli isingeweza kuelea Kigoma 1913 kwa kuletwa na reli. Ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Hata hivyo sioni kwamba mfano huu unajibu swali la mwenye uzi. Ukijenga treni ile utapata mabehewa ya wazi yaliyojaa masanduku, na masanduku hayamshangazi mtu yeyote. Ajabu yake imo katika maelezo na haionekani katika umbo. Mwana_Unyanyembe anatafuta kinyume chake, yaani umbo ambalo hata kabla ya maelezo limeshakataliwa.

#4 Mgebuka (Kigoma)
Asante kwa sahihisho. Basi ajenge ufukwe wa Kigoma, mbavu za meli zimesimama nchi kavu, na mabehewa yamepangwa kando yake. Kwa 1:87 meli ile ni kama sentimita 82, nayo itazidi kwa urefu kila kitu kilichomo stesheni. Hapo umbo litakataliwa lenyewe.

#5 Mwalimu_Isevya (Tabora)
Salaam kwa wote. Lipo jambo ambalo wajenzi wa modeli hawapendi kuliongelea. Kona nyingi za reli za mezani zinazouzwa kwa skeli hiyo zina nusu kipenyo cha sentimita 36. Zidisha kwa 87 utapata kona ya mita 31 hivi. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam ikilazimishwa kupita kona ya mita 31 haitafika upande wa pili. Tena chukua umbali: Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 1,250, ambazo kwa skeli hiyo ni zaidi ya kilomita 14 za meza; kipande cha Tabora hadi Kigoma pekee, chenye zaidi ya kilomita 400, kingehitaji meza ya zaidi ya kilomita nne na nusu. Kila mjenzi anakata, anafupisha na anakunja, na hakuna mgeni aliyewahi kusimama mbele ya kona ya sentimita 36 akasema kwamba huo ni uongo.

Kwa hiyo tatizo si kwamba watu wanachukia uongo. Mtazamaji hupokea uongo aliouzoea na hukataa ukweli ambao hakuandaliwa kuupokea. Maoni yangu ni kwamba macho yetu yamefundishwa na modeli nyingine, nazo zimefuata mazoea ya Ulaya: kilima cha kijani, handaki fupi, stesheni safi yenye abiria wanne waliosimama mbalimbali. Kipimo cha uhalisia tunachotumia hakitoki kwenye reli tunayoipanda.

#6 Binti_wa_Gungu (Kigoma)
Abiria wanne! Mwalimu umenigusa, kwa sababu mimi nimesafiri na mama yangu kwa treni ya Kigoma tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kuona stesheni yenye abiria wanne. Fikirini treni inapoingia Nguruka usiku. Kabla haijasimama, wauzaji wameshaanza kukimbia sambamba na mabehewa wakiwa na beseni za samaki, kuku wa kuchoma, ndizi na chupa za asali, kila mmoja na tochi yake, na biashara yote inafanyika dirishani: pesa zinashuka, samaki anapanda, na chenji inarudishwa treni ikiwa imeshaanza kuondoka. Dirisha moja linatoa ndoo, la pili linaingiza mtoto, la tatu lina watu watatu wanaobishania bei. Upande wa Kigoma kuna madumu ya mawese hadi kwenye ngazi za behewa.

Ukijenga hivyo mezani, kwa treni ya mabehewa 12, utahitaji mamia ya watu wadogo. Hakuna anayefanya hivyo, na akifanya ataambiwa amejaza mno. Nadhani sababu ni watu. Modeli zimejengwa na wapenzi wa vichwa vya treni na mabehewa, kwa hiyo binadamu amewekwa kama pambo. Mahali ambapo binadamu ndiye anayeijaza picha, picha inaonekana haina mpangilio.

#7 Kiberenge
Dada Binti_wa_Gungu, lipo soko lililozidi hilo. Kule Vietinamu reli inapita katikati ya soko la mboga, mafungu ya nyanya yamepangwa hadi kwenye reli, na treni ikipiga honi wauzaji wanakunja maturubai na kuvuta meza nyuma, treni inapita karibu kabisa na mafungu, kisha maturubai yanarudishwa na watu wanaendelea kununua.

#8 Mwalimu_Isevya (Tabora)
Soko hilo ni la Maeklong, mkoa wa Samut Songkhram, nchini Thailand. Vietinamu unayoikumbuka ni mtaa wa treni wa Hanoi, ambako reli inapita katikati ya nyumba za watu, hatua chache kutoka milangoni. Mmechanganya picha mbili zinazofanana, na kufanana huko kuna sababu moja ya kifundi: zote mbili ni njia zenye upana wa mita moja kati ya reli na reli, kama Reli ya Kati yetu ya zamani.

#9 Fundi_Mataruma (Tabora)
Wanangu, nimefanya kazi ya njia kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu. Ngoja niwaambie linalotokea mchana wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Chuma kikipata joto hurefuka. Kilomita moja ya reli ikipanda joto kwa digrii moja huongezeka milimita 12 hivi iwapo haikuzuiwa, kwa hiyo jua likiongeza digrii 30 juu ya ubaridi wa alfajiri, kilomita hiyo inatafuta nafasi ya sentimita 36. Nafasi huachwa kwenye maungio, lakini maungio yakikaza na kokoto zikiwa haba, reli inatafuta nafasi pembeni. Unakuta njia iliyokuwa imenyooka imepinda kulia, ikarudi kushoto, ikapinda tena kulia, ndani ya mita chache, na mataruma yake yamekwenda nayo.

Mjukuu wangu ana treni ya kuchezea. Nilimkunjia reli zake vilevile nilivyoziona mimi porini, akazinyoosha upesi akisema zimeharibika. Sikumlaumu. Nilielewa kwamba reli halisi ikipinda, watu humtafuta mhusika kwenye jua na kokoto; reli ndogo ikipinda, wanaye mhusika mmoja tu, naye ni aliyeijenga. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sioni nyingine. Udongo wa Mwana_Unyanyembe umekosekana kwa sababu ya mto, lakini mgeni haujui mto, anamjua Mwana_Unyanyembe.

#10 Mwana_Unyanyembe (Tabora)
Shikamoo mzee. Maelezo yako yamekaa vizuri, ila yananipa shida moja. Mto nimeujenga. Upo chini ya reli, una maji ya rangi ya udongo, una magogo na majani yaliyokwama, na bado ninaulizwa habari ya udongo. Iwapo mgeni anamwona mhusika wa kweli na bado ananilaumu mimi, basi kuna jambo zaidi.

#11 Fundi_Mataruma (Tabora)
Marahaba mwanangu. Niletee picha ya hizo reli, ipigwe kutoka ubavuni.

#12 Asali_Sikonge
Habari za jioni. Mimi ni mfugaji wa nyuki na ninasafiri na treni nikipeleka asali. Safari moja tulisimama kituo kidogo, upande wa kutoka Tabora kwenda Kaliua, na kundi la nyuki lililokuwa likihama lilitua chini ya ngazi za behewa moja. Abiria wote wa behewa hilo walitoka kwa mlango wa upande wa pili, wakakimbilia vichakani, wakasimama mbali wakiwa wamejifunika kanga na makoti vichwani katika jua kali. Mlinzi wa treni alisimama nao. Kichwa cha treni kilikuwa kinanguruma, njia ilikuwa nyeupe, na treni haikuondoka. Niliomba majani mabichi na moto, nikafukiza moshi taratibu, na baada ya muda kundi likaondoka lenyewe.

Sasa lijenge tukio hilo. Nyuki ana urefu wa milimita 12 au zaidi kidogo. Gawanya kwa 87, haonekani. Kitakachobaki mezani ni behewa tupu, mlango wazi, na watu hamsini waliojifunika nguo vichwani wakitazama behewa lisilo na kitu chochote. Hivyo ndivyo ninavyolielewa swali lako: tukio likipunguzwa, sababu yake hupotea kabla ya matokeo yake. Kwa ukubwa halisi tunaona vyote viwili kwa pamoja. Mezani tunaona matokeo peke yake, na matokeo yasiyo na sababu yanaonekana kama kosa.

#13 Kokoto (Kigoma)
Naunga mkono #12. Mwaka ambao viwavi jeshi walikuwa wengi nilishuhudia treni ikishindwa kupanda mwinuko mdogo sana, kwa sababu walikuwa wakivuka njia na magurudumu yakawaponda, reli ikawa inateleza. Dereva alitumia mchanga, ule unaobebwa kwenye kichwa na kumwagwa mbele ya magurudumu, na bado tulirudi nyuma mara kadhaa kabla ya kupita. Kwenye modeli ungeona kichwa chenye nguvu kikizungusha magurudumu pale pale kwenye njia kavu. Ungesema injini ni mbovu.

#14 Karani_wa_Stesheni (Tabora)
Sababu ya #12 ni nzuri lakini haitoshi, kwa maana yapo mambo yasiyo na sababu iliyofichika na bado hukataliwa. Mfano wangu ni upana. Reli ya mita moja kwa skeli ya 1:87 inapaswa kuwa na upana wa milimita 11 na nusu, na inayouzwa ni ya milimita 12. Modeli nyingi zinazoonekana mitandaoni hutumia milimita 16.5, ambazo ni sawa na milimita 1,435, upana wa reli yetu mpya ya kisasa. Mabehewa ya Reli ya Kati yana upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya behewa imening'inia nje ya reli, kulia na kushoto. Jenga kwa usahihi, kisha mwalike mpenzi wa modeli aliyezoea milimita 16.5. Atakwambia umeweka mabehewa makubwa juu ya reli ndogo.

Ajabu kubwa zaidi ya upana huo ni vichwa vya mvuke aina ya Garratt vya kundi la 59, vilivyojengwa na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki. Vilikuwa 34, vimepewa majina ya milima, na kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Birika lake, yaani tangi la kuchemshia maji, lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, likitembea juu ya njia ya mita moja. Ni sababu gani imefichika hapo? Hakuna. Ni umbo tu, na umbo hilo ukilichora mtoto ataona limezidi.

#15 Mgebuka (Kigoma)
Karani, hivyo vichwa marehemu babu yangu alivisimulia sana. Bila shaka vilikuwa vikifika mpaka hapa Kigoma.

#16 Karani_wa_Stesheni (Tabora)
Hapana, mkuu. Kundi la 59 lilijulikana kwa njia ya Mombasa na Nairobi. Babu alikuwa msafiri, huenda aliviona huko. Ninajua kwamba watu wa Kigoma mngependa kila kitu kizuri kiwe kimeishia ziwani kwenu, lakini hili tuwaachie Wakenya.

#17 Mgebuka (Kigoma)
Nimekubali. Liemba inatutosha.

#18 Kiberenge
Naongeza ya nje, kwa ufupi. Mjini Gisborne, New Zealand, reli inakatiza njia ya kurukia ndege, na treni husubiri ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Kule Pakistani, njia ya kwenda Landi Kotal ilikatiza uwanja wa ndege wa Peshawar. Mji wa Chongqing, China, una treni inayoingia ubavuni mwa ghorofa la watu na kutokea upande wa pili. Battambang, Kambodia, kuna vitoroli vya mianzi kwenye njia moja ya mita moja, na viwili vikikutana kimoja hufunguliwa vipande na kuwekwa kando ili chenzake kipite, kisha hurudishwa juu ya reli. Mjenzi akiweka haya manne kwenye meza moja ataitwa mtunzi wa hadithi za watoto.

#19 Mwalimu_Isevya (Tabora)
La Gisborne liwekewe maelezo: treni za kawaida za mizigo zilikoma 2012 baada ya mvua kuharibu njia, na inayojulikana kuvuka uwanja huo tangu hapo ni treni ya mvuke ya kihistoria. Mengine yako sawa.

Orodha hiyo imenipa wazo jingine, linalopingana kidogo na lile nililolisema mwanzo. Modeli haina tarehe. Tukio la nadra likijengwa linasimama pale mezani mwezi baada ya mwezi, na mtazamaji analisoma kama hali ya kila siku ya mahali hapo. Reli zilizoning'inia baada ya mafuriko zilikuwa hivyo kwa muda, kisha zikatengenezwa. Mezani zitaning'inia daima, na akili inakataa reli inayoning'inia daima, tena inakataa kwa haki.

#20 Binti_wa_Gungu (Kigoma)
Mwalimu, samahani, hilo haliwezi kueleza Nguruka. Soko la dirishani ni la kila safari. Si la nadra, na bado halijengwi.

#21 Reli_Ndefu (Kigoma)
Wakuu, mmesahau urefu. Tarehe 21 Juni 2001, kampuni ya madini ya BHP iliendesha treni ya mabehewa 682 huko Australia Magharibi, ikiwa na vichwa 8 vilivyogawanywa katika urefu wake na dereva mmoja. Ilikuwa na kilomita 7.353. Kwa skeli ya mwenye uzi ni mita 84 na nusu, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Mauritania nayo ina treni ya kawaida ya madini ya chuma, kutoka Zouérat hadi Nouadhibou, ambayo hufikia kilomita 2.5, na watu husafiri wamekaa juu ya madini hayo jangwani. Hiyo ni mita 29 kwa modeli. Kwa hiyo mtu hujenga mabehewa manane, na kila mtu anaona ni treni ndefu.

Huko Tehachapi, Kalifonia, njia inazunguka kilima na kupita juu yake yenyewe, na treni yenye zaidi ya mita 1,200 hivi huwa inapita juu ya mkia wake. Hapo ndipo nilipoelewa jambo: kuzunguka na kujipita ndiko hasa modeli zinakofanya kila siku kwa kukosa nafasi, kwa hiyo ukijenga Tehachapi kwa usahihi utaambiwa umebanwa na meza. Ukweli umeadhibiwa kwa kufanana na udhaifu wa modeli nyingine.

#22 Kokoto (Kigoma)
Hiyo ya #21 imenifungua macho. Ndiyo sababu pia treni ya mchanganyiko haiaminiki: mabehewa mawili ya abiria yenye rangi tofauti, nyuma yake tenki la mafuta, kisha mabehewa ya nafaka, kisha behewa la gadi. Kwetu ni jambo la kawaida kabisa kwenye njia za matawi. Mezani inaonekana kama mtoto ameokota vilivyobaki kwenye sanduku.

#23 Kiberenge
Tembo je? Tarehe 21 Julai 1950 tembo mdogo wa sarakasi aitwaye Tuffi alipandishwa kwenye treni ya kuning'inia ya Wuppertal, Ujerumani, akataharuki, akavunja ubavu wa behewa na kuanguka mtoni. Alipona. Na mwaka 1895 kule Paris treni ya kutoka Granville ilishindwa kusimama katika stesheni ya Montparnasse, kichwa kikatoboa ukuta na kubaki kimeegemea kutoka ghorofani hadi barabarani. Mwanamke mmoja aliyekuwa chini alifariki dunia. Picha yake ipo na kila anayeiona mara ya kwanza anadhani ni modeli.

#24 Mwana_Unyanyembe (Tabora)
Kiberenge, ahsante, ila ajali nisingependa kuzijenga, kwa heshima ya waliopoteza ndugu. Lakini sentensi yako ya mwisho ni muhimu: picha halisi ikidhaniwa kuwa modeli ina maana kwamba ukubwa peke yake sio unaoleta shaka.

#25 Mwalimu_Isevya (Tabora)
Labda mwendo pia. Treni ya kilomita 40 kwa saa, mwendo wa kawaida huku kwetu, kwa 1:87 inatembea sentimita 12.8 kwa sekunde. Meza ya mita tatu inavukwa kwa sekunde 23. Waendeshaji wengi huongeza umeme mpaka treni inakimbia kama ya Japani, na watazamaji wanafurahi. Ukiendesha kwa usahihi wanaona treni imechoka. Hata mwendo wa kweli haukubaliki.

#26 Mwana_Unyanyembe (Tabora)
Mzee Fundi_Mataruma, picha ya ubavuni nimeiambatisha. Pengo ni sentimita 14, sawa na mita 12 hivi. Reli ni za shaba.

#27 Fundi_Mataruma (Tabora)
Nimeiona. Mwanangu, reli zako zimenyooka kama rula. Reli iliyonyang'anywa tuta hainyooki hivyo. Hulegea katikati kwa uzito wake na wa mataruma, tena aghalabu upande mmoja hulegea zaidi ya mwingine, kwa hiyo mataruma huinama yote upande wa mto, na mengine hulegea kwenye vishikio na kubaki yananing'inia kwa ncha moja. Ulichojenga wewe ni daraja lisilo na nguzo. Mgeni anaona reli imara iliyonyooka, anajua kwamba reli imara hukaa juu ya tuta, anauliza tuta liko wapi. Anauliza swali sahihi.

#28 Mwalimu_Isevya (Tabora)
Mzee amesema kwa macho kile ambacho hesabu inakithibitisha. Boriti ya chuma ikipunguzwa mara 87 kwa kila upande, uzito wake hupungua kwa kasi kubwa kuliko ugumu wake. Kulegea kwake ukilinganisha na urefu wake kunapungua mara 87 vilevile. Reli halisi ikilegea sentimita 50 katika pengo la mita 12, nakala yake kamili ya chuma hichohicho mezani haitalegea hata kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo ukifuata vipimo kwa uaminifu wote, na ukaiacha reli ikae yenyewe, itakudanganya. Lazima uikunje kwa mkono. Uzito pia uko hivyo: kichwa cha tani 100 kwa 1:87 kingekuwa na gramu 152 tu, na ndiyo maana modeli zikipita kwenye maungio hazitikisiki kama treni.

#29 Karani_wa_Stesheni (Tabora)
Basi aongeze na kikosi cha njia: watu wanaopanga mataruma ya mbao kwa kukatishana chini ya reli ili kuzibeba kwa muda, na kiberenge, kile kigari kidogo cha reli cha mafundi, kimesimama ukingoni. Mgeni akiona kazi inaendelea ataelewa kwamba kuna kilichoharibika.

#30 Fundi_Mataruma (Tabora)
Hapo sikubaliani nawe, Karani. Asubuhi ya kwanza baada ya maji kupita hakuna kikosi. Kuna mkaguzi mmoja wa njia aliyetembea kwa miguu kutoka kituo cha jirani, ameshika bendera nyekundu, na anarudi mbio kuzuia treni. Akiweka kikosi, atakuwa amejenga siku ya tatu. Kama anataka siku ya kwanza, aweke mtu mmoja, na amweke mbali, mita mia tano kabla ya pengo.

#31 Mwana_Unyanyembe (Tabora)
Mita 500 ni mita tano na sentimita 75 mezani, mzee. Chumba changu kina mita nne.

#32 Asali_Sikonge
Basi bendera itakuwa varandani.

Wakuu, nimefuatilia hesabu za #28 na ninazikubali, lakini zinaeleza reli zilizoning'inia peke yake. Haziwaelezi watu waliojifunika kanga mbele ya behewa tupu, wala soko la dada wa Gungu, wala birika la mita 2.3. Nami bado ninatafuta namna ya kuonyesha nyuki kwa 1:87. Nimejaribu unga wa kahawa uliogandishwa kwa gundi chini ya ngazi, na ukiutazama kwa karibu unaonekana kama kutu. Mwenye njia bora naomba anielekeze hapa.

#33 Binti_wa_Gungu (Kigoma)
Usiutengeneze ukae umeganda. Tumia mbegu za mchicha kavu chache sana kwenye nyuzi za nailoni nyembamba kabisa, za kutengenezea nyavu za dagaa, ziwe zinatikisika mtu akipita karibu. Nyavu hizo huku Kibirizi zipo nyingi, nitakupatia kipande kwa atakayesafiri na treni ijayo.